Misalaba Mitano ya Fundi Cauich

Jumamosi, 26 Aprili

Joto kali, hakuna wingu. Saa sita mchana nilimpa fundi Cauich ujira wa wiki wa watu wake wanane, peso elfu ishirini na mbili taslimu. Alizitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaenda kuwagawia kando ya pikapu yake. Sijawahi kumwona akigawa na si kazi yangu kumwona. Hapa Mérida mwenye nyumba humlipa fundi, fundi huwalipa watu wake, na kila mmoja hukaa upande wake.

Hali ilivyo leo. Nyumba ya mtaa wa San Sebastián nimeshaahidi kumuuzia Bwana Montaño, mhandisi wa mji mkuu anayetaka kustaafu kwenye joto. Ametoa arubuni ya laki tatu. Mkataba unasema nisipomkabidhi funguo tarehe 31 Julai, paa likiwa halivuji, nitamrudishia mara mbili. Arubuni yenyewe haipo. Mwezi wa pili niliinunulia nyumba nyingine, ya mtaa wa Mejorada, ambayo ina kuta nene na haina paa. Pesa ya kukarabati zote mbili imetoka kwenye chama cha mikopo, na kilichowekwa rehani huko ni hati ya nyumba ya mdogo wangu Elsy. Ndimo anamoishi, ndimo anamopikia, na dirisha la mbele ndilo duka lake la chakula. Alitia sahihi bila kusoma. Aliuliza tu kama itabidi ahamishe jiko. Nilimwambia hapana.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Hakuna kazi.

Jumamosi, 3 Mei

Leo ni Msalaba Mtakatifu, siku ya waashi. Kila jengo lililo mikononi mwa mafundi linapandishwa msalaba wa mbao wenye maua ya karatasi, na mwenye nyumba analisha. Asiyelisha hatamwona fundi wiki nzima, na mtaa mzima utajua kwa nini.

Elsy alipika cochinita: nguruwe mwenye viungo vyekundu, majani ya mgomba, shimo la moto tangu jana. Kilo kumi na mbili. Watu wa fundi walikula kwa bidii ambayo sijaiona siku za kazi. Fundi mwenyewe alifika amechelewa, shati jeupe limepigwa pasi, akapanda na msalaba wetu hadi ukingo wa paa la San Sebastián. Fataki zikapigwa. Akashuka, akaketi, akakunja chapati moja ya mahindi na kuigeuzageuza mkononi.

Elsy alimsimamia na mwiko.

"Fundi, nyama yangu ina nini?"

"Haina kitu, Doña Elsy. Ni tumbo langu tu."

"Tumbo lako Jumamosi iliyopita lilimaliza sahani tatu hapo dirishani."

"Uzee unakuja."

"Umeingia wiki hii hii?"

Watu walicheka, naye akacheka, lakini chapati ilibaki mkononi. Baadaye tukiosha masufuria Elsy aliniambia kwamba mtu huyu amekula nguruwe mara mbili tangu asubuhi, na wala si nguruwe wake. Nilimwambia haiwezekani, kwa sababu fundi hana kazi nyingine zaidi ya nyumba zangu mbili; amenihakikishia hivyo mwezi wa pili na tena mwezi wa tatu.

"Basi kaangalie pikapu," alisema.

Nilikwenda. Chini ya turubai ilikuwamo misalaba miwili, karatasi za zambarau na njano, kama zangu. Yangu miwili ilikuwa tayari juu ya kuta. Na angalau mmoja aliuacha alikokula.

Jumapili, 4 Mei

Niliondoka asubuhi na mwavuli wangu kwa ajili ya jua, nikazunguka katikati ya mji nikitazama mapaa. Misalaba ni mingi msimu huu, lakini maua hutengenezwa na mke wa kila fundi kwa namna yake, na wa Cauich huweka njano katikati ya zambarau. Niliipata mitatu. Mmoja uko mtaa wa Santiago, kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye jukwaa la mbao. Mmoja uko nyuma ya soko. Wa tatu uko kwenye jumba kubwa jirani na Mejorada, ukuta wa mbele umebomolewa nusu na kufunikwa nailoni. Mbele ya hilo jumba nilisimama muda mrefu, nikaandika, nikamuuliza jirani aliyekuwa akifagia ni la nani. La Daktari Argáez, alisema, wa meno.

Jumla nyumba tano. Ninalipia watu wanane na sijapata kuona zaidi ya sita.

Fundi sikumwambia. Ukimwumbua, anaondoka, na kabla ya mvua hakuna fundi mwingine aliye huru katika mji huu. Nilipiga simu nne kuhakikisha.

Jumatatu, 5 Mei

Walikuja watatu. Elsy anasema Jumatatu ni siku ya maharage na nyama ya nguruwe, na ya waashi wanaoumwa kichwa.

Alhamisi, 15 Mei

Fundi ameomba elfu sitini na nne za paa la San Sebastián: boriti, saruji, dawa ya kuziba. Anasema mbao zitapanda bei mvua zikianza. Ni kweli, hupanda. Nilimlipa. Nilikuwa najua kuhusu nyumba zile tatu na nikamlipa hata hivyo, kwa hesabu kwamba mtu mwenye kazi tano hana pa kukimbilia.

Jumamosi, 24 Mei

Ujira. Mvua ya kwanza, dakika chache, vumbi limelala.

Jumamosi, 31 Mei

Ujira. Boriti bado.

Ijumaa, 6 Juni

Boriti bado. Fundi anasema lori limeharibika.

Jumanne, 10 Juni

Boriti bado. Fundi anasema mto umefurika. Nilimkumbusha kwamba rasi yetu haina mto hata mmoja. Alisema ni mto wa jimbo la Tabasco.

Jumamosi, 14 Juni

Ujira. Wamepaka rangi vyumba viwili vya nyuma, kazi nzuri, chini ya paa lililooza. Nilimuuliza fundi kwa nini wanapaka kabla ya paa. Alisema rangi ilikuwapo.

Jumatano, 18 Juni

Mvua kubwa, alasiri yote. Rangi mpya imetoka mabaka. Bwana Montaño alipiga simu kutoka mji mkuu kuuliza kama nyumba inapata upepo. Nilimwambia inapata.

Jumamosi, 28 Juni

Ujira. Mvua. Elsy ameniuliza, akimenya vitunguu, kama mambo yanakwenda. Nikasema paa limechelewa kidogo. Baadaye nilimwona anapima kwa mkono upana wa jiko na upana wa mlango.

Jumamosi, 5 Julai

Leo nilikuwa kwa mthibitishaji wa hati asubuhi nzima, kwa hiyo ujira nilikuwa nimempa fundi jana jioni. Nilipofika San Sebastián saa saba, watu sita walikuwa wameketi kwenye ukingo wa barabara, ndoo zimeoshwa, vifaa vimefungwa. Hawajalipwa. Fundi hakuonekana tangu asubuhi. Jumamosi iliyopita walilipwa nusu.

Nilikwenda kwenye mashine ya benki kona ya bustani, nikatoa elfu kumi na sita, nikarudi nikaanza kumhesabia Nazario Tun, ambaye ni mkubwa wao kwa umri na alikuwa karibu zaidi. Hakunyosha mkono.

"Rudisha, Doña Addy."

"Ni haki yenu."

"Haki yetu iko kwa fundi."

"Fundi hayupo. Mnafika kijijini Tecoh na nini leo?"

"Tutafika." Alisogeza kofia. "Tukichukua kwako leo, Jumatatu nani anatupakia kijijini?"

"Nitakodi gari."

"Sawa. Na nyumba hii ikiisha?"

Nilizikunja zile noti. Kijana mmoja alisema jambo kwa Kimaya, wote wakacheka, si kwa ubaya. Niliuliza amesema nini. Nazario alitazama barabara kwanza.

"Anasema wewe una nyumba mbili tu. Fundi ana tano."

Kwa hiyo wote walijua, na walijua kwamba najua. Waliondoka kwa basi. Nauli walichanga wenyewe.

Zimebaki siku ishirini na sita. Paa la San Sebastián ni lile lile la mwezi wa kwanza, na sasa nina elfu sitini na moja, ambazo hazitoshi boriti na ujira pamoja. Nisipokabidhi, ninadaiwa laki sita na Montaño. Chama cha mikopo hakitasubiri foleni nyuma yake. Nyumba ya Elsy itauzwa kwa mnada pamoja na dirisha lake. Nimeandika hivi ili isomeke wazi.

Jumapili, 6 Julai

Nilikwenda Tecoh kwa basi la asubuhi. Nilitarajia kuambiwa amesafiri. Fundi Cauich alikuwa uani akiwalisha batamzinga, fulana imetoboka, hakushtuka.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nikamwambia mke wangu aongeze maji kwenye supu."

Nilimwambia sikuja kwa supu. Nimekuja kuuliza elfu sitini na nne za paa ziko wapi. Alimaliza kumwaga mahindi, akanawa mikono, akasema zipo, anaweza kunionyesha, ila si mfukoni. Tulikunywa supu hata hivyo, kwa sababu mkewe alikuwa ameshapakua. Kisha tukapanda pikapu.

Alinionyesha zote. Kule Santiago, choo chenye vigae vya bluu: hicho, alisema, ni karibu elfu kumi na mbili zako. Nyuma ya soko, ngazi ya zege: elfu tisa zako na ujira wa wiki mbili. Alionyesha kama mtu anayemtembeza mgeni shambani. Kisha, kabla sijasema neno, akageuza pikapu hadi San Sebastián, kwangu, akafungua mlango kwa ufunguo wake na kunionyesha sakafu ya sebule, vile vigae vya saruji vyenye maua ambavyo Montaño alivipiga picha.

"Hii ya mwezi wa tatu, unakumbuka? Ulikuwa umechelewa kunilipa wiki tatu."

Nilikumbuka. Nilikuwa nangoja mkopo upite.

"Nani alilipa vigae, Doña?"

Nilisema nilidhani ni yeye.

"Mimi nina batamzinga kumi na mmoja. Alilipa daktari wa meno."

Tuliketi kwenye ngazi ya mlango. Alinieleza bila haraka. Anachukua ya mwenye nazo, anamjengea asiye nazo, na yule asiye nazo akipata, anarudisha kwa kumjengea wa kwanza. Miaka kumi na tisa imezunguka hivyo na hakuna mtu aliyebaki bila nyumba. Watu wake wanane hawajawahi kukaa bure msimu wa mvua, wakati mafundi wengine wanawarudisha watu vijijini. Inataka jambo moja tu: mtu yeyote asisimame ghafla. Mwaka huu daktari amesimama. Ni kazi ya elfu sabini imeshafanyika kwake, na tangu mwezi wa tano hajatoa hata senti. Shimo lake ndilo limemeza paa langu.

Niliuliza kwa nini daktari alisimama.

"Aliogopa mkaguzi. Hana kibali cha kubomoa ule ukuta wa mbele, na kwa nyumba za kale ofisi ya mji haina mzaha. Kesho yake baada ya misalaba alikuja mwanamke, akasimama mbele ya nyumba, akatazama paa, akaandika andika, akamhoji jirani. Daktari akasema kazi isimame, pesa isimame, mpaka ajue anachunguzwa na nani."

"Mwanamke wa namna gani?"

"Mnene kiasi. Miwani. Mwavuli wa kijani."

Mwavuli ulikuwa magotini mwangu. Fundi aliutazama, kisha akatazama mtaa kwa muda.

"Ungeniuliza tu, Doña Addy," alisema. "Ningekudanganya, lakini kazi isingesimama."

Jumatatu, 7 Julai

Mvua. Hakuna aliyekuja. Nilipiga simu kliniki ya Daktari Argáez. Mpokea simu alisema nafasi ya maongezi haipo, kuna ya kusafisha meno, kesho. Nikaichukua.

Jumanne, 8 Julai

Kusafisha ni peso mia sita. Daktari Argáez ni mtu mrefu mwenye mikono safi na tabia ya kuuliza maswali mdomo wa mgonjwa ukiwa umejaa vyuma. Nilimwacha afanye kazi upande wa chini. Alipotoa vyuma abadilishe, nilimwambia mwanamke wa mwavuli wa kijani ni mimi, si mkaguzi, ni mwenye nyumba kama yeye, fundi ni Cauich.

Alisimama na kile chombo mkononi.

"Uliandika nini?"

"Rangi ya maua ya msalaba."

Ilibidi nieleze yote tangu mwanzo, nimelala chali, taa usoni. Aliponisikiliza hadi mwisho alivua barakoa.

"Bibi, umenigharimu miezi miwili. Nailoni imechanika, sebule yangu ina vyura."

"Mimi umenigharimu paa."

"Kwa hiyo yule mtu amekuwa akinijengea kwa pesa zako?"

"Na kabla ya hapo mimi kwa zako."

Nadhani alikuwa anapiga hesabu kama nilivyopiga mimi Jumapili, kutafuta nani hasa anamdai nani. Haipatikani. Nilimwambia nilishajaribu. Jambo lililo wazi ni moja: yeye hana tarehe, mimi ninayo. Akimlipa fundi sehemu ya deni lake wiki hii, boriti zitaingia San Sebastián. Tarehe mosi Agosti watu wote wanane wataingia kwake na hawatatoka mpaka ukuta wa mbele usimame. Aliuliza dhamana ni nini. Nilimwambia hakuna dhamana, kuna nyumba ya mdogo wangu, ambayo nitaipoteza nikikosea, na sina sababu ya kuja kumsimulia mtu hadithi huku mdomo wangu uko mikononi mwake.

Alinirudishia vyuma mdomoni akamalizia upande wa juu. Aliponisimamisha alisema elfu arobaini kesho, zilizobaki atakapoona watu mlangoni. Mia sita nilizilipa. Hakupunguza.

Alhamisi, 10 Julai

Boriti zimeingia. Zilikuwa zimelala kwa muuza mbao, mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, tangu mwezi wa tano, zikingoja kulipiwa. Hakukuwa na lori wala mto.

Jumamosi, 12 Julai

Ujira. Nilimwambia fundi kwamba kuanzia leo nitakuwapo akigawa. Alikunja uso. Alisema miaka kumi na tisa hakuna mwenye nyumba aliyemketia mezani. Nilimwambia siwagusi watu wake, sisemi nao, na pesa zitatoka mkononi mwake; ila macho yangu yatakuwapo. Alikwenda hadi kwenye pikapu, akarudi.

"Keti basi. Lakini usihesabu."

"Sihesabu."

Aliweka ubao juu ya matofali, nikaketi kwenye ndoo pembeni. Aliita mmoja mmoja, wote wanane. Nazario Tun alipokea zake, za wiki iliyopita na ile nusu ya wiki ya kabla yake, akaniinamia kidogo kama mtu anayepita mbele ya jeneza la asiyemjua. Nilihesabu, bila shaka. Zilitimia. Fundi mwenyewe alibaki na mia tatu, na ya mafuta ya gari alimkopa Nazario.

Nimewahi kukaa vikao vingi vya watu wakubwa wakigawana pesa. Hiki kilikuwa kifupi kuliko vyote na hakuna aliyetoka nje kupiga simu.

Jumatano, 16 Julai

Boriti zote juu. Zege limemwagwa asubuhi, wamelifunika saa saba, mvua imeanza saa nane.

Ijumaa, 18 Julai

Mvua.

Jumamosi, 19 Julai

Ujira. Mvua. Redio inasema kuna upepo unajikusanya kusini mwa Jamaika.

Jumapili, 20 Julai

Upepo umepinda kaskazini. Tumepata mkia wake tu: maji hadi kwenye vifundo vya miguu mtaani, mti wa bustani umeanguka juu ya mashine ya benki. Nilikwenda San Sebastián jioni. Fundi alikuwa ametangulia. Alikuwa amekaa katikati ya sebule kwenye ndoo, kichwa kimeinuliwa, kama mtu aliye sinema. Nilichukua ndoo ya pili. Tulikaa hapo mpaka mvua ikapungua, tukisikiliza. Tone moja lilianguka karibu na mlango wa bafu. Alikwenda akaweka kidole, akasema ni jasho la zege. Nikamwuliza kama hiyo ni kama mto wa Tabasco. Alicheka, akapanda juu na tochi mdomoni kuangalia. Ilikuwa jasho la zege.

Mwezi wa tano ningeandika kwamba huyu ni mwizi mpole. Sasa naandika kwamba ni mtu anayeendesha benki ndogo bila ofisi, na kwamba benki yangu ilikuwa ndogo zaidi na mbaya zaidi, maana wateja wangu walikuwa wawili na mmoja alikuwa mdogo wangu.

Jumamosi, 26 Julai

Ujira. Rangi ya mwisho. Nimebakiwa na elfu mbili mia nne.

Alhamisi, 31 Julai

Bwana Montaño alifika na mkewe, suruali fupi, kofia mpya. Mvua ilinyesha wakiwa ndani, na hilo lilinisaidia kuliko maneno. Alitembea kila chumba akitazama juu. Aliomba ngazi, akapanda juu ya paa na viatu vya ngozi, akarudi amelowa na hajapata kosa. Basi akaanza kutafuta mengine: swichi moja imepinda, bafu la pili lina sauti. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na shati jeupe. Mkewe Montaño alimuuliza sakafu ile nzuri ya sebule aliipata wapi.

"Kwa daktari wa meno, mama," alisema.

Alidhani ni mzaha, akacheka. Saa saba tulitia sahihi kwa mthibitishaji. Funguo tatu.

Ijumaa, 1 Agosti

Pesa imeingia. Chama cha mikopo kimelipwa chote, mkopo na riba. Watu wanane wako kwa Daktari Argáez tangu asubuhi. Nilipita kuhakikisha, bila mwavuli. Daktari aliniona kutoka dirishani akanyosha mkono, sijui kama alinisalimia au alinifukuza.

Kilichobaki mkononi ni laki moja na elfu kumi. Paa la Mejorada linataka laki tatu. Mvua bado ina miezi mitatu, na ukuta wa nyuma umeanza kunywa maji.

Jumatano, 6 Agosti

Hati imetoka. Nilimpelekea Elsy katika bahasha ya chama. Aliifungua, akaisoma yote kwa mara ya kwanza, amesimama, akifuata mistari kwa kidole. Aliniuliza "mpaka wa kaskazini" ni upande gani. Nilimwonyesha.

Jumamosi, 9 Agosti

Fundi alipita baada ya kugawa ujira wa daktari. Anasema Mejorada ikingoja hadi Novemba ukuta wa nyuma utaanguka, au hautaanguka. Muuza mbao anaweza kumkopesha nusu. Nusu nyingine, kama naweza kuipata mahali, watu wake wangeingia mwezi ujao. Niliuliza kama pesa hiyo ingekaa Mejorada. Alifikiri.

"Kwanza ingepita kwa daktari. Wiki mbili tu."

Nilimshukuru kwa kusema. Nikasema nitampa jibu Jumatatu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilikwenda kwa Elsy mchana, wateja wakiwa wameshapungua dirishani. Aliniwekea sahani: maharage meusi, nguruwe, figili, ndimu. Akaketi mbele yangu na kikombe chake, jambo ambalo halifanyi siku ya kazi.

"Hati haimo humu ndani," alisema. "Nimeipeleka mahali. Usiniulize wapi."

"Sijauliza kitu."

"Najua. Kula."

Nilikula. Kulikuwa na chumvi kidogo zaidi ya kawaida. Sahani ilipokwisha akaiondoa, akafuta meza, akarudi dirishani ambako mtu alikuwa akigonga kwa sarafu.

Saa tisa nilimpigia fundi simu, nikamwambia Mejorada itangoja mvua ziishe. Nyuma yake nilisikia nyundo na redio, na mtu akiimba vibaya.

"Mdogo wako amekataa?"

"Sikumwomba."

"Aa." Alipunguza redio. "Basi amekataa vizuri."